Kosa la Mzunguko wa Tatu

Chumba cha kusikilizia cha Daktari wa Meno kilikuwa na viti vitano, na vyote vilitazama spika. Hakuna kiti kilichotazama kingine. Inspekta alisimama mlangoni akavikagua, akasonya moyoni. Watu wasiotaka hata kuonana nyuso, alijiambia, halafu wanajiita klabu.

"Kaa popote, Inspekta," Daktari alisema. "Ila si pale katikati. Pale ni pangu. Sauti za spika zote mbili zinakutana hapa hapa, kwenye paji la uso wangu."

"Hongera," alisema Inspekta, akaketi pembeni.

Sajenti wake, mzee mnene aliyebakiza miezi michache astaafu, alijitupa kwenye kiti cha nyuma na kukunja mikono juu ya tumbo. Alikuwa ameshasikilizishwa muziki wa kesi hii asubuhi kule redioni, na alikuwa ameshatoa maoni yake: mrefu.

Kesi ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuivumilia. Mama mmoja wa miaka sitini na tisa, mpiga piano na mwalimu katika chuo cha muziki, alikuwa amepiga konseto mbili mbele ya ukumbi uliojaa. Konseto ni ule muziki mrefu ambao piano moja inapambana na okestra nzima. Hizi mbili zilikuwa za karne ya kumi na tisa, zile za ngurumo na machozi ambazo wajuzi huziita za Kiromantiki. Redio ilizirekodi mubashara, ikatoa santuri, na kwenye jalada ikaapa kwamba hakuna noti hata moja iliyopachikwa baadaye. Hapo ndipo Klabu ya Wasikilizaji ilipoingiza pua. Daktari wa Meno, mwenyekiti wake, aliandika kwenye jarida la klabu kwamba kuna mahali katika konseto ya pili ambapo okestra inanyamaza na piano inabaki peke yake, na kwamba pigo la pale ni la mikono ya kijana. Ajuza hawezi. Wamepachika, aliandika, na wanatuuzia uongo.

Chuo kikashtuka. Baraza likaitishwa kesho asubuhi kumjadili yule mama, na kila mtu alijua neno "kumjadili" lina maana gani.

Ushahidi ulikuwepo. Fundi sauti wa redio alirekodi usiku ule kwa mashine mbili. Tepu ya ukumbini, iliyozaa santuri, ilikuwa imeshafutwa ili itumike tena, ndiyo kawaida yao. Lakini ya pili, ya maikrofoni moja iliyowekwa chini ya mfuniko wa piano, ilikuwa nzima, mwanzo mpaka mwisho. Fundi alipokwenda kuitoa kwenye kasha lake, alikuta tepu ya bendi ya matarumbeta. Chumba cha tepu kilikuwa na ufunguo wa wafanyakazi, na ufunguo mmoja zaidi wa Kamati ya Muziki ya redio. Kamati ilikuwa na watu watatu, wote wa Klabu ya Wasikilizaji. Wote watatu walikuwa wamekaa sasa mbele ya Inspekta, wanamtazama kama mtu aliyeingia sebuleni na viatu vya matope.

Asubuhi alikuwa amemtembelea mpiga piano. Mama yule hakulia. Alikaa ameweka mikono juu ya magoti, viganja juu, kana kwamba anasubiri mtu aikague.

"Wakisema nimezeeka, sawa, nimezeeka," alisema. "Lakini waseme ile mikono si yangu? Mwanangu, nitaingia darasa lipi tena?"

Inspekta hakuwa mtu wa muziki. Muziki wake ulikuwa ule uliopenya ukutani kutoka kwa jirani. Lakini maneno yale hayakumtoka kichwani tangu asubuhi, wala hasira nayo haikumtoka. Mkuu wake alikuwa amemwonya asipekue nyumba za "watu wazima waheshimiwa" bila sababu ya kutosha. Alikuwa na jioni hii tu kuipata sababu hiyo.

"Tuanze na kofia," alisema.

Mhakiki wa gazeti alinyanyua uso. Alikuwa mwanamume mrefu mwembamba, na kofia yake pana ya pama ilikuwa imelala magotini pake hivi sasa.

"Mlinzi wa redio," Inspekta aliendelea, "amemwona mwenye kofia hiyo akiingia chumba cha tepu Jumanne. Siku hiyo hakukuwa na kikao cha kamati."

"Nilikuwa na shughuli."

"Shughuli gani?"

"Ya kitaaluma. Ambayo sidhani kama polisi wataielewa."

"Jaribu kunielewesha. Mimi ni mvumilivu. Nimemvumilia Sajenti miaka kumi na moja."

Sajenti aliguna bila kufumbua macho. Mhakiki alibetua midomo, akageukia spika.

Mtu wa tatu alikuwa Mama Kwaya, mwanamke wa makamo aliyewahi kuongoza kwaya kubwa na ambaye hakumsamehe mtu yeyote kwa kuacha kuiongoza. Alicheka kidogo puani. "Huyu? Aibe tepu? Hata sanduku la barua linamshinda kufungua."

"Mwenyekiti," Inspekta alisema, "wewe ulikuwepo ukumbini usiku wa onyesho?"

"Kwa taabu, ndiyo. Nilikaa safu ya mwisho kabisa, ghorofani. Wasiojua hukimbilia mbele. Sauti inaiva ikifika juu."

"Na huyu mama ni shemeji yako. Dada mkubwa wa mkeo."

"Sikio langu halina undugu." Alilisema kwa fahari, na ilielekea alishawahi kulisema mahali pengine likapigiwa makofi. "Sijawahi kumsikia akipiga nyumbani kwake hata siku moja, na sikusudii. Mke wangu ataniunga mkono."

Mke wake alikuwa ameingia na birika. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye mwendo wa mtu aliyezoea kupita bila kusikika. Alimimina chai, hakuunga mkono wala kupinga, akatoka. Hakuna aliyemshukuru. Inspekta alishukuru kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Kisha akakaa vizuri kitini. Fundi sauti alikuwa amemwambia jambo moja asubuhi, kwa kunong'ona, mlango umefungwa, kwa sababu mpiga piano mwenyewe alimsihi asimwambie mtu. Kwenye tepu ya chini ya mfuniko kulikuwa na kitu ambacho hakisikiki kwenye santuri, na ambacho ukumbini hakuna aliyeweza kukisikia, hata aliyekaa safu ya kwanza. Kitu chenyewe Inspekta hakuwa amemwambia hata Sajenti.

"Nimesikia mna kanuni yenu," alisema. "Nielezeni."

Walichangamka mara moja, kama watoto walioulizwa habari za mchezo wao.

"Ni rahisi," alisema Mama Kwaya. "Tukishasikiliza, kila mmoja anataja kosa. Hakuna kusifu, kusifu ni kazi ya ndugu wa msanii. Na hakuna kurudia kosa la mwenzio. Tunazunguka hivyo mpaka watu waishiwe."

"Aliyeishiwa anabeba vikombe jikoni," Mhakiki alidakia.

"Na mshindi?"

"Anayetaja kosa baada ya wenzake kuishiwa," alisema Daktari. Alitazama kucha zake. "Tangu klabu ianze, mimi sijabeba kikombe."

Inspekta alimwamini kabisa. "Basi nataka nione. Santuri mnaijua wote, hakuna haja ya kuipiga. Tajeni makosa. Mama, anza wewe."

Walitazamana, kwa mara ya kwanza tangu aingie. Ilikuwa kinyume cha heshima yao kucheza mbele ya askari. Lakini mtu anayeishi kwa kudharau hawezi kupewa nafasi ya kudharau akanyamaza, na Mama Kwaya alikuwa ameshavuta pumzi.

"Tarumbeta za konseto ya kwanza. Zinachelewa kuingia, kama wageni waliokosea nyumba."

"Mwendo," alisema Mhakiki. "Hauna mishipa. Muziki wa kuua mtu kwa huzuni umegeuzwa wa kumsindikiza sokoni."

"Mkono wa kushoto," alisema Daktari. "Unatembea, haukimbii. Kwa hiyo nilishangaa, na dunia nzima ingepaswa kushangaa, mkono huo huo ulipoota mabawa katika konseto ya pili."

Inspekta aliwasikiliza bila kuandika. Aliona jinsi kila mmoja alivyokuwa hasikilizi kosa la mwenzake, ila anahangaika kutafuta lake. Watu wazima watatu, wamesoma, wana pensheni, wamekaa kuchokonoa kazi ya mama wa watu kama kuku jalalani.

"Mzunguko wa pili."

"Makofi," Mama Kwaya alisema. "Watu wanapiga makofi kabla noti ya mwisho haijafa. Na yeye anawaachia. Mwanamuziki wa kweli angebaki amenyanyua mikono mpaka waone haya."

"Kikohozi," alisema Mhakiki.

"Kikohozi gani?" Inspekta aliuliza taratibu.

"Kile cha sehemu ya polepole. Mtu anakohoa katikati ya uzuri wote ule, kama ulikuwepo, na redio haikuona haya kukiacha."

Sajenti alifumbua jicho moja. Daktari aligeuza shingo yote kumtazama mwenzake.

"Hakuna kikohozi kwenye santuri," alisema Daktari.

"Kipo."

"Hakipo, bwana! Nimeisikiliza mpaka imechakaa. Hakuna kikohozi."

Inspekta aliinuka, akaenda kusimama mbele ya Mhakiki, kati yake na spika, mahali ambapo hakika hakuna mtu aliyewahi kusimama. "Tepu imeibiwa. Mlinzi amekuona. Na sasa unataja kitu ambacho kwenye santuri hakimo. Ulikisikia wapi?"

Mhakiki aliigeuzageuza kofia mapajani. Masikio yake yalikuwa mekundu mpaka kwenye ncha.

"Nitakupa nafasi moja," alisema Inspekta. "Ukiitumia vibaya, tutaongea kituoni, na kule viti vinatazamana."

"Sijaisikiliza," alisema Mhakiki.

"Paza sauti."

"Sijaisikiliza! Hiyo santuri. Wala onyesho sikwenda, nilikuwa na mafua. Makala ilitakiwa Jumatano. Jumanne nikaenda kumwuliza fundi... kumwuliza ikoje. Kama ni ya kasi, kama ni ya pole. Na kikohozi, kila tamasha lina mtu anayekohoa! Ningejuaje kwamba hili halina?"

Mama Kwaya aliangua kicheko mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. Daktari hakucheka. Alimtazama Mhakiki kwa karaha halisi, kama anayeona jino bovu mdomoni mwa mtu aliyedai anapiga mswaki.

"Uliandika mistari mia kuhusu mikono iliyochoka," alisema Inspekta.

"Wote walisema imechoka."

"Kwa hiyo ulikuwa tayari nikushuku wizi kuliko kukiri hujasikiliza."

"Wizi," alisema Mhakiki kwa unyonge, "mtu huweza kuuelezea."

Inspekta alimwamini, na kumwamini kulimfanya amdharau zaidi. Fundi alikuwa ameapa kwamba ukumbi ule haukukohoa, hata kwenye tepu. Huyu hakusikia chochote popote. Akamwacha na kofia yake, akarudi kitini.

"Huyu ametoka. Mzunguko wa tatu. Mama?"

Mama Kwaya alifuta macho, akafikiri, akafungua mdomo, akaufunga. "Jalada," alisema. "Picha ya jalada ni mbaya."

"Si kosa la muziki," Daktari alikata kauli. "Halihesabiwi."

"Basi nimeishiwa. Ukweli, Mwenyekiti, nikitoa hayo mawili, santuri haina makosa mengi." Alishtuka kusikia alivyosema, akainamia kikombe chake.

"Vizuri," alisema Inspekta, akaanza kuchukua mkoba wake. "Kwa hiyo wote mmeishiwa. Sare."

"Sare?" Daktari aliuliza.

"Si na wewe umemaliza? Mkono wa kushoto, halafu mkono wa kushoto tena. Umenyamaza mzunguko wote wa pili. Sikulaumu; ni santuri nzuri."

"Nilinyamaza kwa sababu huyu wa kofia alikuwa anajitetea kama mtoto!" Daktari alikuwa amesogea mbele ya kiti chake kitukufu, sauti za dunia nzima zikakosa paji la uso la kukutania. "Mimi siishiwi. Mimi nasikia vitu ambavyo hawa hata ukiwachania masikio hawatavisikia. Unataka kosa? Anajisemesha."

"Nani?"

"Mpiga piano wako! Okestra imenyamaza, yuko peke yake, na kabla ya pigo lenyewe gumu kuliko yote anajisemesha. 'Haya, mwanangu, twende.' Mbele za watu! Kama mchunga punda anayesukuma mkokoteni mlimani. Huo ni usanii?"

Aliegemea nyuma na kutazama huku na huku, akisubiri ushindi wake.

Ushindi haukuja. Mlangoni, mke wake alikuwa amesimama na sinia mikononi.

"Umeyasikia wapi hayo?" aliuliza. Alimtangulia Inspekta kuuliza.

"Hayakuhusu, mke wangu. Chukua vikombe."

"Ni maneno ya mama yetu. Mama alikuwa anakaa na sisi kwenye benchi la piano, mimi kushoto, dada kulia. Tukifika pagumu anatuambia hivyo. Haya, mwanangu, twende." Sauti yake ilikatika, akairudisha. "Umeyasikia wapi?"

"Wewe mwenyewe utakuwa umenihadithia."

"Sijakuhadithia. Hujawahi kuniuliza kitu cha mama yangu."

Inspekta alikuwa ameshaiendea santuri. Hakujua mashine ile, lakini Mama Kwaya, ambaye sasa hakuwa anacheka, aliinuka akaiweka sindano mahali penyewe bila kuambiwa. Okestra ilinyamaza. Piano ikabaki peke yake. Pigo likaja, likapanda, likapita, na hakuna aliyesikia neno lolote.

"Hakuna," alisema Mama Kwaya.

"Hakuna," alisema Inspekta. "Maikrofoni iliyoyanasa ilikuwa chini ya mfuniko, na haikutumika kwenye santuri. Fundi anajua. Mwenyewe anajua, na anaona aibu. Mimi najua tangu asubuhi. Wewe, Daktari, ulikuwa safu ya mwisho, ghorofani, mahali sauti inapoiva. Na nyumbani kwake hujawahi kumsikia, umesema mwenyewe, sikio halina undugu."

Daktari alifungua mdomo. Meno yake yalikuwa mazuri sana.

"Mwanzoni ulikwenda kuitafuta ili umwaibishe," Inspekta aliendelea. "Ulikuwa umeshaandika. Ulitaka kuwawekea tepu, waseme, sikio la huyu mtu! Ukaja nayo hapa, ukaiweka. Halafu ikatokea nini?"

Daktari aligeukia sindano ya santuri.

"Ikatokea kwamba ni yeye. Sauti yake iko pale pale ulipoapa kwamba hayupo. Ungeweza kuirudisha na kuandika mistari miwili: nilikosea. Ukaona bora mama wa watu afukuzwe kazi."

"Wiki nzima," mke alisema, kama anayejisemea, "mlango umefungwa, nasikia piano kupitia ukutani. Mahali pale pale, tena na tena. Ukitoka, macho mekundu. Ukaniambia ni vumbi la vitabu." Alimkata jicho ambalo huenda lilikuwa limesubiri miaka mingi. "Ulikuwa unamlilia dada yangu, huku unamzika."

"Iko wapi?" Inspekta aliuliza.

"Nimeichoma," alisema Daktari.

"Muongo," alisema mkewe. "Wewe huwezi kuichoma hiyo. Sajenti, nenda chumba cha pili. Kuna kabati lenye meno ya plasta, ya wagonjwa wake wa zamani. Huwa halifungwi. Juzi nimelikuta limefungwa."

Ufunguo ulitoka mfukoni mwa koti la Daktari, bila kulazimishwa. Sajenti aliondoka kwa kasi ambayo Inspekta hakuwa ameiona tangu mwaka wa kwanza wa kazi, akarudi na tepu moja ya redio, nambari ya redio ikiwa bado imebandikwa, na chembe nyeupe za plasta kwenye kingo zake.

Mashine ya kuichezea ilikuwa pale pale chini ya rafu. Inspekta alimpa Mama Kwaya tepu aifunge mashineni. "Lazima tuhakikishe ni yenyewe kabla sijaandika kielelezo," alisema. Kisha akamgeukia Daktari, aliyekuwa ameinuka na kutazama mlango. "Unakwenda wapi? Kanuni ni yako. Hakuna aliyewahi kuisikiliza tepu hii kama wewe. Toa kosa."

"Inspekta, tafadhali."

"Moja tu. La muziki. Jalada halihesabiwi."

Daktari alimtazama Mhakiki, ambaye alitazama kofia. Alimtazama Mama Kwaya, ambaye alimpa mgongo. Ilikuwa wazi kwamba alitafuta kweli, kwa uzoefu wake wote na kwa sikio lake lote, na midomo yake ilianza mara mbili kuliunda neno.

"Hakuna," alisema hatimaye. "Haina kosa."

"Utayasema hayo hayo kesho asubuhi mbele ya baraza. Maneno hayo hayo mawili."

Aliitikia kwa kichwa. Mkewe alimsogelea, akamwekea sinia mikononi, akaanza kupanga juu yake vikombe vyote, kimoja kimoja, mpaka kile cha Sajenti ambacho hakikuguswa.

"Jikoni ni mlango wa kushoto," alimwambia. "Huenda hupajui."

Sajenti alimfuata nyuma, kikazi. Mke wa Daktari alizunguka viti, akavuta pumzi, akaketi kwenye kile cha katikati. Miguu yake haikufika chini.

"Weka, mama," alimwambia Mama Kwaya. "Nataka nimsikie dada."

Piano ilikuwa karibu mno, mbichi, na nyuma yake kulikuwa na pumzi za mtu anayefanya kazi. Ilipofika pagumu, sauti ya mwanamke mzee ilinong'ona kwa upole kwamba haya, mwanangu, twende, na mikono ikaenda. Jikoni kikombe kilianguka kikavunjika, na hakuna aliyegeuka.